Motifu: Utaambiwa Pale

Baba yangu alikuwa perezida ya tribinali, na mimi nilikuwa perezida ya kuchekesha batu. Kazi yake alipewa na serkali, yangu nilijipatia mwenyewe. Mu Butembo batu bengi balikuwa banamuogopa kidogo. Mimi tu njo nilijua kama kila asubui, mbele ya kuvaa koti yake nyeusi, anatafuta soksi chini ya kitanda na kuitukana sawa vile mutu anatukana mbuzi yenye imeingia mu mihogo.

Tulikuwa bageni. Baba alitoka upande ya Maniema, serkali ilimutuma huku nyuma ya uhuru, wakati bazungu balienda na kuacha mafunguo mu milango. Wakati yao, kesi kubwa zilikuwa zinakatwa na muzungu mwenyewe. Baba alikuwa karani tu, mutu ya kuandika na kunyamaza. Sasa balimukalisha mu kiti ya muzungu. Ule muzungu alikuwa murefu sana, na baba ni mufupi. Mara ya kwanza nilienda kumuangalia akisambisha batu, akikata kesi zao, niliona miguu yake inaning'inia chini ya meza, viatu zinacheza polepole mu hewa wakati yeye anasema mambo ya uzito juu ya mupaka ya shamba. Nilitoka inje kucheka. Kesho yake nilimupelekea kisanduku ya sabuni ya kuwekea miguu. Alinishukuru na sauti ya kazi, na hakuuliza nilijua namna gani.

Muzungu aliacha pia kabati, kashe moja ya mupira, ni kusema muhuri, na furushi kubwa ya fomu. Zilikuwa fomu za kuita batu ku tribinali, tunaziita konvokasio, na mistari yake: jina, kijiji, siku, saa. Musitari ya mwisho, ile ya sababu, ilikuwa imejazwa tayari, imepigwa na mashini mbele hata mutu hajafanya kosa: Motifu: utaambiwa pale.

Siku moja, tukiwa ku meza, niliuliza baba juu ya nini habaandike sababu.

«Ukiandika sababu, mutu anakuya na majibu yake tayari,» alisema. «Usipoandika, anakuya na ukweli.»

«Nani alisema vile?»

«Muzungu.»

«Ule ya miguu mirefu?»

«Kula chakula yako.»

Ku masomo, kwa Masista, nilikuwa na tribinali yangu. Wakati ya mapumziko nilikuwa naikala juu ya ndoo yenye kupinduliwa, nafunga shali ya mwenzangu mu mabega, nakunja uso, nakata kesi ya mwenye ameiba ndizi. Baba alikuwa na maneno ya kufungia kesi: «Tribinali imesikia.» Hata nyumbani, mama akisema chumvi imeisha, yeye anajibu «Tribinali imesikia», na chumvi hainunuliwe. Niliiga ile sauti mupaka Sista mwenyewe alijificha nyuma ya mulango juu ya kucheka, kisha akatokea na kunipa azabu.

Halafu habari za uasi zikaanza kupanda kutoka upande ya Stanleyville. Kwanza zilikuya na bashofere, kisha na batu ya miguu wenye kubeba magodoro. Basoda ya serkali bakajaa mu Beni, bakaweka bariere mu barabara. Hapo njo neno moja ikageuka. Mbele, mutu akiitwa, anaitwa tu: mama anakuita kula, padri anakuita kuungama. Sasa ukiuliza ku soko, «Ule mwenye kuuza mafuta iko wapi?», banakujibu, «Aliitwa», na banashusha macho ku bintu yao, na hakuna mutu anauliza aliitwa na nani.

Nilisikia ile neno kila siku. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tano, na mu kichwa yangu kesi ya maana ilikuwa ingine kabisa: mukono ya nguo yangu.

Fundi ya nguo alikuwa jirani yetu, Munande ya hapa hapa, mutu mupole, mashini yake ya miguu ku baraza. Alikuwa anasema na sindano mu kinywa. Mwanzo ya mwaka alinishonea nguo ya masomo. Mukono moja ilinifika ku vidole, ingine iliishia ku kiwiko.

«Fundi, hii ni nini?»

«Utakomea, utakuwa mukubwa, mama kidogo.»

«Mukono moja itakomea, na ingine itafanya nini?»

«Ingine itangojea.»

Alisema vile mbele ya benzangu. Balicheka mupaka ku masomo, na kesho tena. Mutu ya kuchekesha hapendi kuchekwa. Ni ugonjwa ya sisi bote wa ile kazi.

Juu ya kuogopa basoda, baba alikuwa analeta kashe nyumbani kila siku, mu bati ya biskuti, anaiweka juu ya kabati, ili basiikute ku biro. Hakuwaza kama mwizi iko chini ya paa yake na anajua kupanda ku kiti. Jumamosi moja nilikamata fomu mu mufuko yake, nikaandika jina ya fundi, siku Jumanne, saa mbili ya asubui, na maandishi mazuri ya karani. Nikapiga kashe. Musitari ya mwisho ilikuwa tayari. Nikaenda kuiteleza chini ya kitambaa ya mashini yake wakati alikuwa anakula.

Mupango yangu ilikuwa hivi: Jumanne fundi atakuya ku tribinali, ataikala ku banki ya mbao pahali batu banangojea, kofia mu mikono, karani atatafuta jina yake mu rejista na hataiona, na mimi nikipita kwenda masomo nitamupigia kelele: «Fundi! Motifu ni mukono!» Nilicheka peke yangu siku tatu.

Jumanne banki ilikuwa na batu, fundi hakuwa pale. Nilipita ku baraza yake. Mashini ilikuwa imesimama, shati ya mutoto chini ya sindano, nusu imeshonwa. Bibi yake alikuwa anasimama ku mulango, mikono juu ya tumbo yake ya mimba.

«Fundi iko wapi, mama?»

«Amesafiri.»

Alijibu mbio sana. Mimi, mupumbavu, nilienda nikicheka njia yote, kwa kuwaza kama mwanaume muzima amekimbia mukono ya nguo.

Siku ya Alhamisi, saa ya muchana, baba alirudi nyumbani na karani, na karani hakukubali hata maji. Alisema habari akisimama. Fundi amekamatwa ku bariere mbele ya Mbau, akiwa anaelekea pori. Basoda balimutafuta mu mifuko, bakaona konvokasio. Bakasema: mutu ameitwa na serkali ku Butembo, na yeye anakwenda upande ya pori, huyu ni mwasi. Bakamuuliza amefanya nini. Fundi akajibu: «Sijue. Karatasi inasema nitaambiwa pale.» Bakawaza anabacheka. Bakamupiga juu ya ile jibu, bakauliza tena, akajibu tu ile, juu hakuwa na ingine.

«Sasa iko mu kasho, jela ya basoda ku Beni,» karani alisema. «Jumamosi asubui kamyo inapakia bafungwa. Mwenye alipanda ile kamyo hajarudi hata moja, Perezida.»

Baba alisema, «Sisi hatukumuita.»

«Rejista haina jina yake. Niliangalia mara tatu. Lakini kashe ni ya kwetu.»

Baba alipanda ku kiti, akashusha bati ya biskuti, akafungula. Kashe ilikuwa pale. Aliigeuza, akaangalia wino. Kisha akaniangalia.

«Ni mimi, baba.»

«Juu ya nini?»

«Juu ya mukono.»

«Mukono gani?»

Nilinyoosha mikono yote mbili mbele yake. Nilikuwa nimevaa ile nguo. Aliangalia mukono murefu, akaangalia mufupi, akarudi ku murefu. Nilingoja kofi. Hakunipiga. Kama angenipiga, ningelia na mambo ingeisha kidogo.

«Usitoe ile nguo,» alisema. «Kesho tunaenda Beni.»

Tulipanda kamyo ya kahawa, baba mbele na shofere, mimi na karani juu ya magunia, rejista ya tribinali mu kitambaa. Pahali kamyo ilisimama kupoza moteri, nilishuka, nikamukaribia baba.

«Baba, fundi alifanya nini mupaka akimbie?»

«Hakuna.»

«Sasa mutu mwenye hakufanya kitu anakimbia nini?»

«Pengine alishonea mutu kofia, na ule mutu akaingia mu uasi. Pengine alisema neno mu pombe. Pengine alilala na baridi akaota mambo mubaya. Kila mutu iko na kesi fulani mu roho, inangoja tu karatasi. Mimi pia. Ungeniandikia mimi ile konvokasio, ningekimbia.»

Sikuwahi kumusikia baba akisema kama anaogopa. Nilirudi juu ya magunia.

Mukubwa ya ile kasho alikuwa ajida moja, musoda ya cheo, mutu ya mbali, anasema Lingala na Kiswahili ya kuvunja-vunja. Alitupokea vizuri, akatoa ile konvokasio, akaipiga na kidole.

«Mokanda ekosaka te, Perezida. Karatasi haisemake bongo, haina uongo.»

«Hii inasema bongo. Ni mutoto yangu aliandika.»

Ajida aliniangalia kutoka kichwa mupaka miguu, akacheka. «Huyu? Na kashe?»

«Na kashe.»

«Andika,» aliniambia, akanisukumia kalamu. Niliandika jina ya fundi chini ya ile ya kwanza. Maandishi ilikuwa ile ile. Aliacha kucheka.

«Bon. Perezida, mimi ni musoda. Niko na karatasi yenye inasema mutu huyu ameitwa. Nikimuacha, mukubwa yangu atauliza: karatasi yako iko wapi? Donc, nipe karatasi ingine yenye inaua hii. Uko na kashe mu mufuko. Andika kama hana kosa, piga kashe, umukamate mutu yako, twende tukunywe.»

Nilimuvuta baba ku koti. «Baba, andika! Andika tu!»

Baba hakuandika. Namuona mupaka leo, mukono yake ndani ya mufuko, juu ya ile kashe, na jasho ya joto ya Beni inashuka mu shingo.

«Karatasi yenye kupigwa kashe bila batu kuikala na kusikia,» alisema, «njo ile iko mbele yako, Ajida. Siwezi kutengeneza ya pili. Kesho tribinali itaikala hapa inje, mu lupango yako. Nitatafuta bajuji babili ya Beni.»

«Kesho saa tatu kamyo inaenda.»

«Tutaanza saa mbili.»

Nilimuchukia ile siku. Fundi alikuwa nyuma ya ukuta ile, baba alikuwa na dawa mu mufuko, na alienda kutembea mu Beni, mulango ku mulango, kutafuta bazee ya kusikia kesi ya mukono. Na kulikuwa tena mambo: perezida hawezi kusambisha mutoto yake. Alimupa kiti yake muzee moja mwenye alikuwa anamusaidiaka kukata kesi za upande ya Beni, mwenye kulima kahawa, na ule muzee hakuwa anasikia na sikio ya kuume.

Asubui balipanga meza moja na viti mbili mu lupango. Muzee ya kahawa katikati, mwenzake pembeni, karani na rejista. Baba alisimama upande ya bazazi, kofia mu mikono. Kamyo ilikuwa pale pale, bafungwa banapanda tayari, na shofere aliwasha moteri kwa kuipasha moto. Kisha bakamuleta fundi. Jicho yake moja ilikuwa imefungwa, na alitembea sawa mutu anabeba ndoo yenye kujaa sana. Alikaa chini mu udongo. Hakuniangalia. Nawaza hakujua hata juu ya nini niko pale.

«Sema!» muzee aliniambia.

Nilisema.

«Sisikie! Sema nguvu!»

Moteri ilinguruma. Nilipiga makelele kama niliandika konvokasio. Kama niliiba kashe ya baba. Kama fundi hakufanya kitu.

«Juu ya nini uliiandika?»

«Mukono ya nguo ilikuwa mufupi!»

«Nini?»

«Mukono! Ilikuwa mufupi!»

Basoda bakaanza kucheka, moja kisha bote. Nilikuwa nimetafuta kicheko mu maisha yangu yote, na sijapata kubwa sawa ile. Batu juu ya kamyo hawakucheka. Fundi aliinua kichwa. Aliangalia mikono yangu, murefu na mufupi, kazi yake mwenyewe, na niliona anaelewa polepole, sawa mutu anasoma na shida. Ile karatasi ilimuahidi kama ataambiwa pale. Sasa njo alikuwa anaambiwa.

«Njo hii tu?» aliuliza.

«Njo hii tu, fundi.»

Alifunika uso na mikono yake. Mabega ilikuwa inatikisika, na mwanzo nilitumaini kama anacheka.

Bazee babili balisemezana ku sikio yenye inasikia, si wakati murefu. Muzee ya kahawa alisema fundi hana kosa. Karani akaandika mara mbili, baba akatoa kashe na kumupa muzee, na muzee njo aliipiga. Karatasi ya kwanza ilienda kwa ajida, akaisoma, akaipanga juu ya ile konvokasio, akafanya ishara na kichwa. Karatasi ya pili karani alimupelekea fundi.

Fundi alirudisha mikono nyuma ya mugongo.

«Chukua, ni yako,» baba alimuambia. «Ni ya kupita ku bariere. Bila hii banaweza kukukamata tena.»

«Karatasi hapana, Perezida. Unisamehe. Mi sitashika karatasi tena. Kama niko na haki, uniambie tu na kinywa.»

Muzee ya kahawa alijikohoza. «Toka hapa mupaka Butembo kuko bariere ngapi?»

«Ine,» karani alisema.

«Basi huyu binti atakuwa karatasi yake. Ku kila bariere atashuka, atasema yote, sawa amesema hapa. Na nguvu. Njo azabu yake.»

Kamyo ya bafungwa ilitoka mbele yetu. Sikuhesabu batu balikuwa juu yake. Moja aliniinulia mukono, sijui juu ya nini.

Tulirudi na kamyo ya biashara. Fundi alikaa mbali na mimi, mugongo yake ku mbao. Ku bariere ya kwanza nilishuka na kusema: huyu ni fundi ya nguo, hakufanya kitu, ni mimi niliandika karatasi ya bongo juu ya mukono ya nguo. Musoda alicheka, akaita benzake, akasema, «Rudilia!» Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia ile tamaa ya zamani inapanda mu koo, kidogo niige na sauti ya ajida. Niliona jicho moja ya fundi inaniangalia kutoka juu. Nilirudilia na sauti yangu.

Kati ya bariere, baba alifungula mufuko, akatoa fomu zote, akaziweka juu ya goti. Na kalamu ya risasi alikuwa anafuta musitari ya mwisho, moja moja, kamyo ikimurusha-rusha. Juu yake anaacha nafasi ya kuandika sababu.

Ku bariere ya pili hawakucheka sana. Ku ya tatu kulikuwa musoda moja mutoto, sawa miaka yangu, alisikiliza mupaka mwisho na akaniuliza, «Na alipigwa?» Nikasema ndiyo. Akainua muti ya bariere mwenyewe. Ku ya ine sauti yangu ilikuwa imepotea, nilisema na pumzi tu, na walilazimika kunikaribia kusikia.

Butembo ilikuwa baridi, ukungu imeshuka. Tulisindikiza fundi mupaka kwake. Bibi yake alitoka, akaona bwana yake, akaona jicho, na hakupiga makelele. Alimukamata mukono, akamuingiza ndani, akamuikalisha pahali sikuona. Kisha akarudi ku mulango.

«Alifanya nini?» aliuliza baba, sauti ya chini. «Perezida, uniambie mimi. Alifanya nini?»

Baba alifungua kinywa, akanigeukia.

Nilisema mara ya tano, na ile pumzi yenye ilibakia. Karatasi, kashe, mukono. Alisikiliza yote, mukono yake juu ya mimba. Sikuona hasira. Aliniangalia tu, sawa mutu anangoja kuambiwa yenye kubakia, juu haiwezekani ikuwe ile tu. Hakukuwa ingine. Nilisema «Mama, unisamehe,» lakini sauti haikutoka, na sijui kama alisikia. Alingoja tena kidogo. Kisha akafunga mulango, polepole, sawa vile banafungaka mahali mugonjwa amelala.